Hofu Haisikii Hoja

Sisi walimu na wazazi tumezoea kumkabili mtoto aliyeingiwa na hofu kana kwamba hofu hiyo ni kosa la hesabu, ambalo likifafanuliwa vyema litasahihika. Twamwambia kwamba hakuna cha kuogopa, twamtolea sababu moja baada ya nyingine, naye huitikia kwa kichwa, kwa adabu, huku jasho likimtoka viganjani. Nimewafundisha hisabati watoto wa mtaa wetu hapa Mji wa Kale, Mombasa, kwa muda wa kutosha kuona kwamba adabu ile si kuelewa. Ninaloliamini sasa ni kwamba hisia nazo husoma, tena husoma haraka kuliko akili, ila hazisomi kwa kuelezwa. Husoma kwa yale yanayoupata mwili, na zikishasoma vibaya hazisahihishiki ila kwa njia iyo hiyo.

Ndani kabisa ya ubongo, kila upande, kuna kiungo kidogo kiitwacho amigdala, ambacho mojawapo ya kazi zake ni kutambua hatari. Joseph LeDoux, mtafiti wa New York, alionyesha kwa panya kwamba sauti iliyofungamanishwa na maumivu yaweza kufika huko kwa njia fupi, pasipo kupitia gamba la ubongo linalopambanua mambo. James McGaugh wa California naye alitumia miongo kadhaa kuonyesha kwamba homoni zinazotoka wakati wa msisimko, adrenalini ikiwamo, huifanya kumbukumbu ya tukio ishike zaidi. Ndiyo maana mtu mzima hukumbuka siku aliyochekwa darasani, pengine hata rangi ya shati la mwalimu, na asikumbuke somo lilihusu nini.

Miongoni mwa wanafunzi wangu yumo msichana wa Gredi ya Sita. Mama yake alipomleta aliniambia, “Mwalimu, huyu nyumbani aweza, akifika shule, wapi!” Msichana mwenyewe alikuwa akiandika jibu, kisha akilifuta kabla sijalisoma, na mara nyingi jibu lililofutwa lilikuwa sahihi. Kurasa za sehemu na desimali katika daftari lake zilikuwa zimechakaa kwa raba, nyingine zimetoboka. Aliwahi kuitwa ubaoni akakosea, darasa likacheka, na mwalimu akacheka nalo. Fimbo ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza hata kumtesa mwanafunzi kiakili, lakini ni nani atakayekwenda kushtaki kicheko?

Mwaka huo huo wa 2001 watafiti wawili wa Marekani, Mark Ashcraft na Elizabeth Kirk, walieleza kwamba wasiwasi wa hisabati hula nafasi ya kumbukumbu ya muda mfupi, ile tunayoitumia kushikilia tarakimu wakati wa kukokotoa. Mtoto anayejiuliza kama atachekwa hana pa kuiweka ile moja anayoihamishia safu ya pili. Akikosea, twamwita mvivu, na hofu yapata ushahidi mpya.

Dawa ya jambo hili ni ya zamani. Mwaka 1924 Mary Cover Jones, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika habari za mvulana aitwaye Peter, ambaye alikuwa hajatimiza miaka mitatu na aliyekuwa akiwaogopa sungura. Bi Jones hakumhutubia. Alimketisha, akampa chakula alichokipenda, na sungura akaletwa ndani ya tundu akawekwa mbali; kila mara alisogezwa karibu kidogo, kwa kadiri Peter alivyoweza kuvumilia, hata ikafika siku mtoto akamwacha sungura amtafunetafune vidole. Kinachonivutia zaidi ni sehemu ambayo wasimulizi wengi huiruka. Kabla tiba haijakamilika Peter aliugua akalazwa hospitalini, na siku ya kutoka alirukiwa na mbwa mkubwa. Hofu yote ikarudi, ikabidi kazi ianze upya. Baadaye Joseph Wolpe, daktari mzaliwa wa Johannesburg aliyekuwa ametibu wanajeshi waliovurugwa na vita, aliupanga utaratibu wa aina hiyo na kuuandikia kitabu mwaka 1958. Washauri nasaha wengi wanaotibu hofu hadi leo humkaribisha mtu hatua kwa hatua kwenye kile anachokiogopa, akiwa katika hali ya usalama.

Msichana wangu sikumpa mabuyu (ingawa nawajua watoto ambao mabuyu yangewaponya hofu zote). Nilifanya hesabu zenye makosa niliyoyakusudia, nikampa kalamu nyekundu anisahihishe, na mara ya kwanza alipoweka alama ya kosa kwenye kazi ya mwalimu alinitazama kwanza usoni. Baadaye akasahihisha za mdogo wake, kisha zake mwenyewe, alizoziandika kwa wino usiofutika.

Mtihani wa mwisho wa muhula ulipofika, akaganda tena. Mama yake alivunjika moyo, nami nilimweleza kwamba jambo hilo lina maelezo. Pavlov, mwanasayansi wa Urusi, alikuwa ameona kwa mbwa wake kwamba itikio lililozimika huweza kuibuka tena baada ya mapumziko, na wachunguzi waliomfuata, Mark Bouton akiwa mmoja wao, walionyesha kwamba hofu ya kale haifutwi bali hufunikwa na somo jipya, na kwamba somo hilo jipya hufungamana na mahali lilipopatikana. Sebuleni kwangu msichana alikuwa salama; dawati lake la shule halijapata habari hiyo. Basi tukahama. Tukafanya hesabu kwa shangazi yake Likoni, tukafanya barazani kwa babu yake tuktuk zikipita, na kwa idhini ya mwalimu wake mpya tukaingia darasani mwao Jumamosi, akaandika ubaoni pasipo hadhira, kisha mbele ya wenzake wawili aliowachagua mwenyewe. Huko ndiko kazi hasa ilikofanyika, wala sitoi ahadi kwamba imekwisha.

Nyumbani somo hili huanza mapema zaidi, mtoto akiwa bado hana maneno. Mwaka 1978 mtafiti Edward Tronick na wenzake walichapisha jaribio ambalo mama alicheza na mtoto wake mchanga kama kawaida, kisha akatakiwa amtazame kwa uso mkavu, bila tabasamu wala neno, kwa dakika chache tu. Watoto walijaribu kumrudisha kwa kucheka na kumnyoshea mikono. Waliposhindwa waligeuza nyuso zao pembeni.

Naijua nyumba moja Majengo ambayo baba hufanya kazi ya zamu bandarini. Akiingia amenuna, televisheni huzimwa pasipo mtu kuamrishwa, na yule mdogo huvichukua viatu vya baba akavipanga mlangoni, kisigino kwa kisigino, kwa uangalifu usio wa umri wake. Baba hafoki wala hapigi. Yeye huamini kwamba kunyamaza kwake kunawakinga wanawe na taabu za kazini, na katika mji wetu mwanamume wa namna hiyo husifiwa kwa kuwa na kifua. Lakini watafiti James Gross na Robert Levenson waliwataka watu wazuie hisia zisionekane wakati wanatazama filamu, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 1993 nyuso zilitulia ilhali baadhi ya dalili za msukosuko wa ndani, jasho la ngozi likiwamo, zilizidi.

Baba huyu ukimtajia mshauri nasaha hukuuliza kama umemwona akiokota makopo, kana kwamba ushauri ni wa wendawazimu tu. Simlaumu sana. Zimbabwe walilielewa hilo: tangu mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda na wenzake wamewafunza kina bibi kuketi kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye mizigo ya moyo kwa utaratibu maalumu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliosikilizwa walikuwa na nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabaraza sisi tunayo tele, na kahawa tungu juu yake, ila mazungumzo yake ni siasa na mpira.

Wazee wa mtaani hushikilia kwamba mzazi hamtaki radhi mtoto. Sikubishana nao mbele ya baba huyu, kwa kuwa Tronick mwenyewe alikuja kueleza kwamba mama na mtoto hupishana mara nyingi hata katika malezi mema, na kwamba lenye uzito ni kurudiana baada ya kupishana. Na kurudiana kuna njia nyingi. Nilimshauri jambo moja dogo: akiingia, kabla ya kuvua viatu, aseme kilichomchosha na aseme kwamba si wao. Hukumbuka siku nyingine, siku nyingine husahau. Yule mdogo bado huvipanga viatu, lakini siku hizi huuliza kwanza, “Baba, ile kreni imeharibika tena?”