Kutoa memori seva ikiwa inatembea

Jamani leo nimeona kitu nikabaki mdomo wazi.

Tuko zetu ofisini hapa Nyali, joto lile la mchana, kuna mashine pepe ya Linux (kompyuta ya programu inayoishi ndani ya seva) tunataka kuipunguza memori bila kuizima maana wateja wamo ndani wanafanya kazi. Mwenzangu ashaanza, we zima tu uwashe, nikamwambia ngoja kwanza.

Kumbe keneli, ile roho ya Linux inayosimamia mashine nzima, inagawa memori vipande vipande, kwetu kila kimoja MB 128, na kila kipande kina faili yake ya state (hali yake) ndani ya /sys, folda ya kuongea na keneli. Unaandika offline pale, basi keneli yenyewe inaanza kuhamisha kurasa zote zilizomo, yaani vijisehemu vidogo vya memori, kuzipeleka kwingine, na programu zinaendelea tu wala hazina habari!

Cha kwanza kikatoka. Cha pili kikatoka.

Cha tatu wapi! Busy, yaani bado kinatumika. Narudia, busy.

Yaani kama mpangaji aliyegoma kuhama, ukigonga yumo, anakuangalia tu. Data ya programu inahamishika, lakini vitu vingi vya keneli yenyewe vimeganda kwa anwani zao, na ukurasa mmoja tu ukikwama kipande kizima hakitoki. Dawa ni memori ile kuiwasha kwa kuandika online_movable kwenye ile faili ya state tangu mwanzo, hapo keneli haiweki vyake vya kuganda.

Haya mafundi wa pwani, kuna alowahi kufanya hii kwa seva ya chuma, mashine halisi si pepe, akachomoa memori yenyewe kwa mkono? Hebu semeni, mie naogopa 😅