Siku yangu moja kazini: mpelelezi anaingia kwenye miwani ya VR

Watu wananiuliza sana kazi yangu ni nini hasa, nikisema natengeneza magemu wanadhani nashinda nacheza tu, basi leo naandika siku moja jinsi ilivyokwenda, mtaona wenyewe. Tuko timu ndogo hapa Dar, ofisi yetu iko Sinza, na kwa sasa tunalihamisha gemu letu la upelelezi kutoka kompyuta ya kawaida kwenda kwenye miwani ya VR, ile unayoivaa machoni ukajiona uko ndani ya gemu lenyewe. Gemu lenyewe lina kesi kadhaa, ninayoisimulia leo ni ya wizi wa mishahara ya manamba kwenye shamba la mkonge, Tanga, mwaka 1958. Kwenye kompyuta liliisha zamani na watu walilipenda. Sasa kulihamisha, aisee.

Saa 12 kasoro asubuhi

Natoka Kimara mapema sababu ukichelewa kidogo tu mwendokasi inajaa mpaka huwezi kujikuna. Nashuka Shekilango, nachukua boda. Hapo hakuna cha kusimulia, foleni ni foleni.

Saa 2

Kitu cha kwanza nikifika nafunga mapazia. Wageni wanadhani tunaficha siri, kumbe ni lenzi: jua likigonga lenzi za hedseti (ndio hiyo miwani) mwanga wote unakusanyika sehemu moja na kuunguza skrini ya ndani, dakika chache tu umebaki na doa la milele. Halafu nafuta lenzi na kitambaa kikavu kile laini (sio spiriti jamani, spiriti inaua lenzi), naweka kontrola (vile vishikio vya mkononi) kwenye chaji, nabadilisha spongi ya usoni sababu ya jana ilikuwa imelowa jasho la watu. Joto la Dar na VR haviivi chungu kimoja.

Saa 3, kikao

Leo ajenda ni moja, mwanzo wa kesi. Kwenye gemu la zamani kesi inaanza na kamera inapaa juu ya bandari ya Tanga, inafuata reli, inashuka mpaka ghala la katani, muziki unalia, mzuri kweli. Dizaina wetu anaupenda mwanzo ule sana na kusema ukweli hata mi naupenda. Lakini ukimvalisha mtu miwani halafu ukairusha kamera hivyo, macho yanamwambia anaruka, masikio ya ndani yanamwambia umekaa kwenye kiti, na tumbo ndio linaamua nani anasema kweli. Mtu anatapika. Kwa hiyo mwanzo umekufa, wote tumekubali, dizaina amekunja uso lakini amekubali.

Na hili ndilo ninalotaka muelewe kuhusu kazi hii, maana watu wanadhani ugumu ni michoro. Kwenye skrini ya kawaida sisi ndio tulikuwa tunaamua mchezaji anaangalia wapi. Tukitaka aone droo iliyo wazi tunaisogeza kamera kwenye droo, basi, ameona. Kwenye VR shingo ni yake. Shahidi analia kwa uchungu, mchezaji kaangalia feni ya dari. Huwezi kumshika kichwa, na ukijaribu kumgeuza kwa nguvu ndio hiyo habari ya tumbo tena. Gemu la upelelezi lote limejengwa juu ya nani kaona nini saa ngapi, halafu hicho ndicho unanyang'anywa.

Tukakubaliana hivi: mchezaji anaanza amesimama barazani kwa meneja wa shamba, askari anakuja kumpa taarifa, na askari haanzi kuongea mpaka mchezaji amwangalie. Asipomwangalia, anakohoa kidogo. Akiendelea kutazama minazi, anakohoa tena na kugonga buti. Miwani tunayotumia ni Quest 3, haifuatilii macho, kwa hiyo tunakisia tu kwa uelekeo wa uso. Inatosha.

Bosi akarusha lile swali lake la kila wiki, wale wakubwa walifanyaje. Wakubwa kwetu sisi ni L.A. Noire. Gemu lenyewe lilitoka 2011, Los Angeles ya 1947, na nyuso za waigizaji zilirekodiwa kwa kamera 32 kwa wakati mmoja ili uweze kumsoma mtu usoni kama anadanganya. Desemba 2017 likaja toleo la VR kwa miwani ya HTC Vive, na cha kujifunza ni kwamba hawakubeba gemu zima, kesi zilikuwa 21, wao wakachukua 7 wakazijenga upya. Daftari la mpelelezi unalishika kwa mkono wako na kuandika kwa penseli kabisa, gari unashika usukani, na kama kuendesha kunakuchosha unaruka moja kwa moja mpaka unakokwenda. Mi huwa namwambia bosi, bro, hao wenye hela zao wamepunguza kesi, sisi wenye feni moja tunataka kubeba zote? Leo ameelewa. Tunabaki na kesi tatu, na hizo tatu zenyewe tumbo joto.

Saa 4 na nusu, sarafu

Asubuhi iliyobaki yote nimeipoteza kwenye senti kumi. Wazee mtakumbuka ile senti kumi ya Afrika Mashariki, ya shaba, yenye tundu katikati na pembe mbili za ndovu upande mmoja. Kwenye kesi yetu inakutwa chini ya sefu iliyovunjwa, na kwenye tundu imefungwa nyuzi ya katani iliyopakwa rangi nyekundu, ndio ushahidi wenyewe. Kwenye kompyuta ulikuwa unabonyeza sarafu, inakuja picha kubwa na maandishi chini: nyuzi ya katani, imetiwa rangi nyekundu. Umemaliza.

Kwenye VR tumeyafuta maandishi, mchezaji anainama anaiokota. Na unajua kila mtu anafanya nini akiokota sarafu yenye tundu? Kila mtu! Anaiweka jichoni achungulie. Sasa kamera ya Unity, programu tunayojengea gemu, ukiiacha ilivyo haichori kitu chochote kilicho karibu kuliko sentimita 30, kwa hiyo ukiisogeza sarafu usoni inakatika vipande na kupotea, mtu amebaki ameshika hewa. Unapunguza umbali ule mpaka sentimita moja, vizuri, sarafu inaonekana, ila kule mbali kuta za ghala na milango vinaanza kugombania nafasi na kumetameta, maana hesabu ya kina (kipi kiko mbele, kipi nyuma) inakosa usahihi ukiivuta hivyo. Nikahangaika mpaka nikapata namba ya katikati na nikazisogeza mbao za mlango mbali kidogo na ukuta.

Halafu nyuzi. Nyuzi ya katani ya kweli ni nyembamba, na kitu chembamba kwenye VR hakitulii, kinacheza cheza sababu kichwa cha binadamu hakikai kimya hata sekunde moja. Dada wa michoro akaiongeza unene mpaka ikawa kama kamba ya kiatu, kwa umbali wa mkono inaonekana sawa tu, ukiisogeza karibu sana ndio unagundua ni nene mno. Tumeiacha. Mpelelezi wa kweli atatusamehe.

Kitu kimoja kimenifurahisha, ukichungulia kwenye lile tundu kwa jicho moja, ukafumba jingine, unaona ghala limekaa ndani ya duara. Hakuna aliyepanga hilo. Dizaina kaliona, akanyamaza kidogo, halafu kasema anaweka alama nyekundu kwenye gunia ambayo hutaiona mpaka uchungulie pale. Nimemruhusu, ingawa ni kazi nyingine hiyo.

Saa 6

Umeme ukakatika. Hedseti zina betri zake kwa hiyo kupima kunaendelea, kompyuta ndio zimelala. Nilichokuwa nahangaika nacho ni taa za ndani ya gemu. Gemu linatakiwa litoe picha 72 kila sekunde bila kukosa, maana yake kila picha inapewa milisekunde kama 14 tu na ndani ya hizo inachorwa mara mbili, jicho la kushoto na la kulia, kwa chipu ya aina ya simu. Ukizidisha kidogo dunia inatetemeka. Kwenye kompyuta mchezaji alikuwa anatembea na karabai mkononi, vivuli vya magunia vinazunguka ukutani, burudani. Hapa hiyo haiwezekani. Karabai tumeitundika kwenye boriti, vivuli vyake vimepikwa kabisa kwenye ukuta havibadiliki, na mchezaji tumempa tochi isiyotoa kivuli. Ukiniuliza mimi naona hasara, karabai ndio ilikuwa roho ya lile ghala, lakini bora ghala tulivu kuliko mtu kuomba ndoo.

Saa 7 na nusu, mama anajaribu

Mama anayetuletea chakula (wali maharage na mchicha, samaki siku ya Ijumaa) alikuwa anatuuliza siku nyingi hayo madude mnavaa yana nini. Leo nikamwambia mama njoo ujaribu, akafunga khanga vizuri, akakaa kwenye kiti, tukamvalisha. Mtu ambaye hajawahi kushika kontrola ndiye mpimaji bora, nakuapia, sababu hana adabu za magemu, ana adabu za watu.

Tukampeleka kwenye mahojiano na mlinzi wa usiku. Mlinzi ni mzee, kofia kichwani, kakaa kwenye kigoda nje ya ghala, na kwa mara ya kwanza ni mkubwa kama mtu kweli, yuko mita moja mbele yako. Mama kamwona tu: "Shikamoo mzee."

Kimya. Mzee anatazama mbele.

"Shikamoo baba." Sauti imepanda kidogo. Kimya. Mama akavua miwani, akatuangalia sisi sio mzee, "Huyu babu mbona ana kiburi? Ndio mwizi huyu." Na hapo kesi ikaisha, hataki kusikia ushahidi mwingine wowote, mwizi ni mlinzi.

Tulicheka lakini dizaina hakucheka sana. Gemu zima lilipokuwa kwenye skrini hakuna hata mtu mmoja aliyelalamika kuhusu salamu, maana ule ulikuwa mdoli wa kwenye kioo. Hapa amekaa mbele yako, umemwamkia, hajaitikia, umeshamhukumu. Kwenye gemu la kuhoji mashahidi hilo ni balaa, sababu mlinzi wetu ni msema kweli! Mchana huo huo tukaamua: akisogelewa na mtu anayemtazama, kipaza sauti cha hedseti kikisikia sauti yoyote, mzee anajibu marahaba. Hatuna uwezo wa kutambua maneno, sauti tu. Dogo anayetuandikia programu akasema bro nusu saa nimemaliza, na kweli umeme uliporudi kamaliza.

Saa 9 hadi saa 11

Mikono. Kamera 32 hatuna, nyuso zetu zinachongwa na dada mmoja mwenye subira, kwa hiyo kumfanya mchezaji asome uongo kwenye mdomo wa mtu ni kujitafutia aibu. Karibu hivi uso wa mdoli ukijaribu kuwa na hila unatisha tu. Tukauhamishia uongo mwilini. Karani wa malipo akidanganya anavuta kiti nyuma kidogo, kidole gumba kinaanza kusugua ukingo wa meza. Kwenye skrini mambo madogo hivyo hayakuwa yanaonekana kabisa, kwenye VR yanapiga kelele, kiti kikisogea nyuma robo hatua unasikia mwilini kwamba huyu mtu anakukwepa.

Macho nayo, lazima yafuate kichwa cha mchezaji kilipo kweli, sio mahali tulipodhani atasimama. Tulipowasha, karani akawa anamtazama mtu bila kupumzika, kila mpimaji akarudi nyuma. Binadamu hakutazami hivyo labda unamdai. Tukampa kupepesa, kuangalia karatasi, kurudi. Nilikaa mbele yake muda mrefu nikibadilisha namba mpaka nikaanza kumwonea haya.

Na suala la urefu, usilisahau. Mimi ni mrefu, dada wa michoro ni mfupi, mama alikuwa amekaa. Droo ya chini ya sefu mimi naifikia nikipiga magoti, aliyekaa kitini haifikii kabisa. Sasa ukikaa, gemu linainua vitu vya sakafuni mpaka usawa wa goti.

Saa 12 jioni

Kutembea. Nimepima njia tatu: kuelekeza mkono unakotaka na kuruka hapo hapo, kutembea kwa kusukuma kijiti cha kontrola huku pembeni mwa macho panafunikwa giza kidogo, na kugeuka kwa mkupuo wa digrii 30 badala ya kuzunguka taratibu. Zote tunaziacha mchezaji achague. Nikanywa tangawizi. Zaidi ya hapo sisemi, nimeshindia hiyo kazi na tumbo halikufurahi.

Saa 1 na nusu usiku

Bildi, yaani toleo jipya la gemu, imepanda mtandaoni, tukawatumia wapimaji wetu wa mikoani, mi naanza kukusanya vitu vyangu, mara ujumbe wa sauti kutoka kwa jamaa wa Arusha. Nyuma yake inasikika TV, taarifa ya habari, na juu ya taarifa ya habari anasikika mzee wetu wa ghala: marahaba. Marahaba. Marahaba. "Kaka huyu mzee wenu hanyamazi, anamwitikia mtangazaji, nimemuuliza habari za sefu mwaka mzima hajibu."

Dogo kashafungua kompyuta tena. Mara moja tu kwa kila mchezaji, nimemwambia, akishaitikia kipaza sauti kizimwe. Na kisha kaniuliza, je mchezaji asiyeamkia kabisa, mzee aongee naye au amnunie? Dizaina anataka amnunie. Bosi hataki. Kesho saa 3 tunagombana kuhusu hilo.