Nilivyoimudu sintaksia ya Kirusi cha kitaaluma

Nilipomaliza mwaka wa maandalizi nchini Urusi na kuanza masomo ya historia, nilizungumza bila shida dukani na bwenini, lakini makala za kihistoria zilinishinda. Maneno mengi niliyajua; kilichonikwamisha ni muundo wa sentensi.

Makala nyingi hufunguliwa kwa sentensi kama «V statye rassmatrivayetsya vopros» (katika makala linachunguzwa suala), ambamo mahali hutajwa kwanza, kitenzi hufuata na kiima huja mwishoni, kwa kuwa Kirusi hupendelea kuiweka habari mpya mwisho. Kwa hiyo nilijizoeza kukipigia mstari kitenzi kikuu, kisha kutafuta nomino inayopatana nacho, popote ilipo.

Hapo mazoea ya ngeli yalinifaa sana, kwani mzungumzaji wa Kiswahili tayari anajua kwamba maneno yaliyo mbalimbali huunganishwa na upatanisho. Tofauti ni kwamba Kirusi huuonyesha mwishoni mwa neno. Katika «napisannyye istorikom raboty», yaani kazi zilizoandikwa na mwanahistoria, maelezo yote hutangulia nomino: kiishio cha neno la kwanza hupatana na la mwisho, na kiishio -om humtaja mtenda. Minyororo ya nomino haikunisumbua, maana «izucheniye istorii gorodov Rossii» hufuata mpangilio uleule wa uchunguzi wa historia ya miji ya Urusi.

Kuandika kulidai kazi zaidi. Sentensi moja, kwa mfano kwamba sensa ya Dola ya Urusi ya mwaka 1897 ni chanzo muhimu, niliiandika kwa «yavlyayetsya vazhnym istochnikom», kisha kwa «predstavlyayet soboi vazhny istochnik», mpaka kila kitenzi kikazoeleka pamoja na uhusika wake, yaani umbo ambalo nomino huchukua baada ya kitenzi hicho. Naamini kwa dhati kwamba mwanafunzi wa historia afundishwe miundo hii kwa matini za historia, si kwa mifano ya kemia, kwa sababu sisi hulazimika kila mara kuonyesha rai ni ya nani: «po mneniyu avtora» (kwa maoni ya mwandishi), «avtor schitayet, chto» (mwandishi anaona kwamba).

Muundo uliochelewa kunikaa ni ule wa «Izuchaya istochniki, avtor prikhodit k vyvodu» (akichunguza vyanzo, mwandishi anafikia hitimisho). Kiswahili huruhusu sentensi kama «mvua ikinyesha, tunabaki ndani», yenye watenda wawili; Kirusi hudai anayechunguza vyanzo awe ndiye anayefikia hitimisho. Katika kila rasimu ya tasnifu yangu nilikagua sentensi hizo peke yake, kabla ya kumpelekea msimamizi.