Mipangilio ya seva inajileta yenyewe

Wadau, Zabbix, programu ya kufuatilia hali ya seva, imeniheshimisha wiki hii. Hapa Mtwara mjini tunasimamia seva za Masasi, Newala na Tandahimba, na zamani tulichojua ni kama seva iko hewani au imezima, basi. Sasa ajenti, yaani programu ndogo ya Zabbix iliyo ndani ya kila seva, kwa poti 10050, inatuletea hadi maandishi ya faili la /etc/ssh/sshd_config, lenye mipangilio ya kuingia kwenye seva kwa mbali, na likibadilika tu napata taarifa.

Ndiyo tukaikuta ya Newala imeandikwa PermitRootLogin yes, yaani root, mwenye mamlaka yote, anaruhusiwa kuingia kwa mbali! Nani kaifungua? Kila mtu anaangalia dari. Nimeifunga nikiwa mezani, bila kupanda uwanda wa Makonde.

Faili zenye nywila sizigusi. Maandishi yote yanatunzwa kwenye kanzidata ya Zabbix, na ikivuja ni msiba. Wenzangu wa Lindi, nyie mnakusanya zipi?