Upasuaji wa Mtoto wa Jicho: Mambo Utakayokutana Nayo

Swali ambalo wagonjwa wengi hulibeba moyoni bila kulitamka ni kama wataona kisu kikiwajia jichoni. Mimi pia nililibeba kabla ya kufanyiwa upasuaji wa macho yote mawili, na ndiyo maana nalijibu kabla ya mengine yote: kisu hukioni. Taa ya darubini anayoitumia daktari ni kali mno, na mboni imepanuliwa kwa dawa, hivyo kinachoonekana ni mwanga mweupe, vivuli na rangi zinazosogea taratibu. Hofu ya pili ni ya kupepesa jicho kwa bahati mbaya. Hiyo nayo haina msingi, kwa kuwa kope hushikiliwa wazi na kibanio kidogo, na jicho lililotiwa ganzi halina hamu ya kupepesa.

Mtoto wa jicho si utando unaoota juu ya jicho, ingawa wengi huamini hivyo kwa sababu weupe wake huonekana kwa nje ugonjwa ukishakolea. Tatizo liko ndani, kwenye lenzi iliyokaa nyuma ya mboni. Protini zinazoijenga lenzi hiyo hubadilika na kugandamana kadiri miaka inavyopita, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe ukipata moto, na mwanga hushindwa kupita sawasawa kuifikia retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Umri ndio chanzo kikuu, lakini kisukari, kuumia kwa jicho, uvutaji wa sigara na matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi huuharakisha ugonjwa. Hakuna matone, lishe wala mazoezi ya macho yaliyothibitishwa kuirudishia lenzi uangavu wake. Nalisema hili kwa mkazo, kwa sababu inaniuma kumwona mtu akimaliza fedha na miaka kwa dawa za kuyeyusha mtoto wa jicho ilhali tiba inayofahamika ni kuitoa lenzi iliyofifia na kuweka nyingine ya bandia mahali pake.

Zamani wagonjwa waliambiwa wasubiri hadi ugonjwa ukomae. Ushauri huo umepitwa na wakati. Kigezo cha sasa ni maisha ya mgonjwa mwenyewe: kama huwezi kusoma kwa raha, kama taa za magari usiku zinakutawanyikia machoni, kama unapapasa ngazi kwa mguu kabla ya kushuka, basi una sababu ya kutosha kuzungumza na daktari wa macho. Kungoja kupita kiasi huifanya lenzi iwe ngumu na upasuaji uwe mgumu zaidi, na wakati mwingine lenzi iliyovimba hupandisha shinikizo ndani ya jicho. Kwa mtoto mchanga aliyezaliwa na tatizo hili haifai kuchelewa kumwona daktari wa macho, maana ubongo wake bado unajifunza kuona, na jicho lisilopata mwanga ulio safi katika kipindi hicho laweza kubaki dhaifu daima.

Wengi wetu huiwazia siku ya upasuaji tu, wakati uamuzi mkubwa hufanyika siku ya vipimo. Nguvu ya lenzi ya bandia hukokotolewa kutokana na mviringo wa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na urefu wa jicho kutoka mbele hadi nyuma. Kwa mtu mzima urefu huo ni takriban milimita 24, na kosa la milimita moja laweza kumwachia mgonjwa haja ya miwani yenye nguvu ya dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 2 hadi 3. Kwa hiyo tulia kwenye kifaa, tazama pale unapoelekezwa, na usione kero kipimo kikirudiwa. Anayevaa lenzi za kubandika jichoni aulize mapema ni lini aache kuzivaa, kwa kuwa huibadilisha konea umbo na kuharibu hesabu. Daktari ataichunguza pia retina na neva ya jicho, kwani kama glakoma (ugonjwa unaoharibu neva ya jicho) au kisukari vimekwisha kuyaharibu maeneo hayo, lenzi mpya haitarudisha kile kilichopotea huko nyuma. Muulize bila woga anatarajia utaona kwa kiasi gani.

Kisha linakuja suala la kuchagua lenzi, nami ningependa kila mgonjwa apewe muda wa kulitafakari. Lenzi inayotumika zaidi ina kitovu kimoja, yaani hulenga umbali mmoja tu: humpa mtu uoni mzuri wa mbali, halafu akavaa miwani ya kusomea, au humpa uoni wa karibu, akavaa miwani ya mbali. Zipo lenzi za vitovu vingi zinazopunguza haja ya miwani, lakini baadhi ya watumiaji wake huona duara za mwanga kuzunguka taa wakati wa usiku, na hazimfai mtu mwenye ugonjwa wa retina. Zipo pia lenzi maalumu kwa mtu ambaye konea yake haina mviringo ulio sawa pande zote. Mimi nilichagua uoni wa mbali, na sijutii kuvaa miwani ninaposoma. Lakini mtu mwenye uoni hafifu wa mbali tangu ujana, aliyezoea kuvua miwani na kusoma maandishi madogo bila shida, ajue kwamba akiwekewa lenzi ya mbali uwezo huo utaondoka. Kwake yeye huenda lenzi ya karibu ikawa na thamani zaidi. Mweleze daktari siku yako hupita vipi, unashona, unaendesha gari, unakaa mbele ya kompyuta, kwa sababu mashine haiwezi kulipima hilo.

Siku hiyo hiyo taja kila dawa unayotumia. Wanaume wanaotumia tamsulosini kwa ajili ya tezi dume waseme, hata kama waliacha zamani, kwa sababu dawa hiyo hulegeza sehemu yenye rangi inayozunguka mboni, na daktari anayejua mapema hujiandaa. Dawa za kuzuia damu kuganda usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe, kwani kuziacha kunaweza kuwa na hatari kubwa kuliko upasuaji wenyewe. Sema pia kama una kikohozi kisichokoma, kama huwezi kulala chali, au kama husikii vizuri upande mmoja.

Siku yenyewe hutawaliwa zaidi na kungoja. Utatiwa matone ya kupanua mboni tena na tena, utaulizwa jina lako na jicho linalohusika na kila mhudumu atakayekukaribia, na alama itawekwa juu ya jicho hilo. Maswali hayo ni ulinzi wako, yajibu yote. Ganzi huweza kuwa ya matone tu, au ya sindano inayochomwa kando ya jicho. Sindano huleta msukumo na maumivu ya muda mfupi, halafu jicho hutulia na pengine likazimika kabisa kwa saa chache, jambo ambalo si la kutisha. Nusukaputi hutumika kwa watoto na kwa watu wasioweza kutulia. Baada ya hapo ngozi na jicho husafishwa kwa povidoni ayodini, ambayo ni kinga muhimu dhidi ya maambukizi, na uso hufunikwa kitambaa chenye uwazi mahali pa jicho. Anayeogopa kufunikwa uso aseme mapema, maana kitambaa chaweza kuinuliwa na hewa ikapitishwa chini yake.

Katika njia inayotumia mashine, daktari hukata mlango wa milimita 2 hadi 3 ukingoni mwa konea, hufungua tundu la duara mbele ya kifuko kinachoibeba lenzi, kisha huingiza kijiti chenye mtikisiko wa mawimbi ya sauti kinachoivunja lenzi na kuinyonya vipande. Charles Kelman wa Marekani ndiye aliyeianzisha njia hii mwaka 1967. Lenzi ya bandia huingizwa ikiwa imekunjwa, nayo hujikunjua ndani ya kile kifuko. Mara nyingi jeraha hujifunga bila mshono. Pale ambapo mashine haitumiki, au lenzi imekwisha kuwa ngumu sana, daktari huitoa kwa mkono kupitia mlango mpana zaidi uliokatwa kwa mteremko ili nao ujifunge wenyewe. Anayepewa njia hii asijione amepunjwa, kwani mikononi mwa daktari mzoefu matokeo yake ni mazuri sana. Kazi yote kwa kawaida huchukua kati ya dakika 15 na 30. Utasikia sauti za mashine, maji yakitiririka, na watu wakizungumza kwa utulivu. Ukitaka kukohoa au kusogea, sema kwanza.

Kila nikikumbuka kwamba sasa ndani ya macho yangu mna kitu kilichotengenezwa kiwandani, humkumbuka Harold Ridley. Daktari huyu wa Uingereza alitambua kwamba vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege, vilivyokuwa vimeingia machoni mwa marubani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, havikuyafanya macho yao yaikatae plastiki hiyo. Mwaka 1949, katika hospitali ya St Thomas' jijini London, aliweka lenzi ya kwanza iliyotengenezwa kwa plastiki ya aina hiyo. Kabla yake, aliyetolewa lenzi alibaki akitegemea miwani minene mno. Alipingwa kwa miaka mingi na wenzake, nasi tunaoona leo tuna deni kubwa kwake.

Kwa kawaida utarudi nyumbani siku hiyo hiyo, ukiwa na mtu wa kukusindikiza na kinga ya plastiki juu ya jicho. Usikate tamaa ukiona ukungu siku ya kwanza. Wengine huona vizuri asubuhi inayofuata, wengine huhitaji siku kadhaa hadi konea ipungue uvimbe. Jicho litawasha na kukwaruza kana kwamba lina mchanga, nawe hutakiwi kulifikicha hata usingizini, ndiyo sababu kinga ile huvaliwa usiku.

Kazi ya mgonjwa mwenyewe sasa ni matone, kwa takriban wiki 4, ya kuzuia maambukizi na ya kupunguza uvimbe wa ndani. Nawa mikono, vuta kope la chini, dondosha tone moja bila ncha ya chupa kugusa jicho, fumba macho kwa upole, na kama kuna dawa ya pili subiri dakika 5 ili isiioshe ya kwanza. Naomba sana familia zimsaidie mzee ambaye mikono yake inatetemeka, kwa sababu upasuaji uliofanywa kwa ustadi waweza kuharibiwa na chupa isiyofunguliwa. Maji machafu, vumbi, kuogelea na kubeba mizigo mizito viepukwe hadi daktari atakaporuhusu, na gari lisiendeshwe kabla hajathibitisha kiwango cha uoni.

Kitakachokushangaza zaidi ni rangi. Lenzi ya uzee hugeuka ya manjano au kahawia, nayo huchuja bluu polepole kiasi kwamba mtu hatambui alichopoteza. Mchoraji Claude Monet, ambaye aliahirisha upasuaji kwa muda mrefu kwa hofu, alifanyiwa jicho la kulia mwaka 1923, akalalamikia bluu aliyoiona baadaye. Kwangu mimi ilikuwa furaha isiyo na kifani. Nilikuwa nikifumba jicho hili na kufumbua lile, nikishangaa kwamba karatasi moja ni nyeupe kwa upande mmoja na ya udongo kwa upande mwingine. Tofauti hiyo huisha jicho la pili likitibiwa, na katikati ya kipindi hicho kushuka ngazi kunahitaji uangalifu.

Maumivu makali, wekundu unaozidi, uoni unaofifia baada ya kuwa mzuri, usaha, mimweko ya mwanga au kivuli kama pazia pembeni ni dalili za kurudi hospitali siku hiyo hiyo, si kesho yake. Maambukizi ndani ya jicho hutokea kwa nadra sana, na retina kubanduka kutoka mahali pake ni nadra pia, lakini katika yote mawili saa zina uzito.

Miwani mipya hupimwa baada ya wiki 4 hadi 6, jicho likishatulia. Ukiinunua mapema itakuwa na namba isiyokufaa. Na kama miezi au miaka baadaye ukungu utarejea, usidhani ugonjwa umeota upya. Lenzi ya bandia haipatwi na mtoto wa jicho. Kinachofifia ni ukuta wa nyuma wa kile kifuko kilichoachwa ili kuibeba, na daktari huutoboa kwa leza katika dakika chache, ukiwa umekaa kwenye kiti, bila kisu chochote.