Kwanza amshikie mwenzake

Nilishuka Kalymnos nikiwa na viatu vya kupandia, mkanda wa kiunoni na mfuko wa chaki. Kamba niliiacha Nairobi kwa sababu ya uzito. Nilijiambia kwamba kisiwa kinachofurika wapanda miamba kila Oktoba hakiwezi kukosa mtu mwenye kamba, na kweli, kamba zilikuwa tele. Kazi ilikuwa kumpata wa kuishika, yaani mtu anayesimama chini na kuidhibiti kamba ili ukianguka akudake.

Ofisi ilikuwa imenipeleka Berlin kwa mafunzo ya wiki mbili, na yalipokwisha viza yangu ilikuwa bado na siku tisa. Nikakata tiketi ya ndege hadi Kos, nikapanda basi hadi bandari ndogo ya Mastichari, kisha feri, chini ya saa moja, hadi Pothia. Kalymnos ni kisiwa cha Ugiriki kilicho karibu na pwani ya Uturuki: mawe ya chokaa kila upande, na mbuzi wenye kengele wanaokupita kwenye njia zinazokutoa jasho. Mwaka 1996 Mwitaliano mmoja, Andrea di Bari, alikuja likizoni, akaziona zile kuta, na baadaye akarudi na drili. Leo njia zenye bolti, vyuma vilivyokazwa kwenye mwamba vya kupitishia kamba, ni maelfu. Wapandaji hulala Masouri, upande wa magharibi, ambako kuta zina kivuli asubuhi na jua huziwakia baada ya chakula cha mchana.

Nyumbani sijawahi kulifikiria suala hili. Ukienda Lukenya, miamba yetu ya karibu na Nairobi, Jumamosi utakuta watu walewale. Unajua nani alifundishwa na nani, nani ana pupa, nani hukagua fundo mara mbili hata kama mvua imeanza. Uaminifu huo nilikuwa nimeukuta tayari, kama chai mezani, wala sikuwahi kuuliza nani aliipika.

Kwenye duka moja la vifaa kulikuwa na ubao wa matangazo. Nikabandika karatasi: mwanamke kutoka Nairobi, naongoza 6a, sina kamba, nipo hadi Jumamosi. Kuongoza ni kutangulia juu na kamba, na 6a ni kipimo cha ugumu wa wastani. Kabla ya saa mbili usiku nilikuwa na jibu la mwanamume mmoja mchangamfu ajabu. Tulipokutana kwa kahawa alinieleza njia zote ngumu alizopanda, katika nchi ngapi sijui. Nikamwona ndiye. Ningekuwa na akili siku hiyo ningegundua kwamba hakuniuliza swali hata moja.

Asubuhi tulikuta rafiki yake ukutani, akatangulia kupanda. Mimi nikakaa kwenye jiwe. Rafiki alipofika mita kumi hivi juu, yule bwana akautoa mkono wa breki kwenye kamba ili atafute kiberiti. Mkono wa breki ni ule wa chini, na hauachii kamba kwa lolote, hata nyuki wakija, na sisi tunaopanda Hell's Gate, mbuga ya miamba kule Naivasha, tunazijua habari za nyuki. Kisha nikaangalia ncha ya kamba ilipolala chini. Haikuwa na fundo.

Kwa msomaji asiyepanda: kamba ya mita 70 inakutosha ukuta wa mita 35 tu, kwa sababu lazima iende juu na irudi chini nawe. Kalymnos ina njia nyingi ndefu kuliko hapo. Ukimteremsha mtu bila kuhesabu, ncha itapita kwenye kifaa chako cha breki na mwenzako atamaliza safari peke yake. Fundo moja mwishoni mwa kamba huzuia hilo. Kulifunga hakuchukui hata sekunde kumi.

Sasa hapo ndipo malezi yalipotaka kuniua. Mimi nimefundishwa kwamba mtu akikukaribisha humwaibishi mbele ya mwenzake. Mtu kakununulia kahawa, kakubeba kwenye pikipiki yake, halafu umwambie usoni kwamba humwamini? Nilikaa pale nikivaa kiatu na kukivua. Mwishowe nikasingizia tumbo. Nikateremka ule mlima nimejikunja, uongo mtupu, na nikiwa njiani nikakasirika na nafsi yangu: tumbo ningelisingizia mara ngapi wiki hiyo?

Kesho yake nikageuza mbinu. Niliachana na ubao, nikapanda kwa miguu hadi sehemu iitwayo Poets, yenye njia za kiwango changu, nikatafuta watu watatu. Wawili wanatoshana, hawakuhitaji. Watatu kila mara wana mmoja anayekaa bure, akila karanga na kutazama bahari. Lakini sikusalimu mara moja. Nilitandaza vitu vyangu pembeni kama mtu anayepumzika, nikawatazama wakipanda njia mbili nzima. Anayeshika kamba anamtazama aliye juu, au simu? Wanakaguana mafundo kabla mguu haujatoka chini? Na ncha ya kamba je?

Walikuwa wanawake wawili wa Slovenia na mzee wa Kifaransa ambaye wao wenyewe walimwokota feri siku mbili kabla. Nilipoomba kujiunga, mwanamke mmoja akauliza, "Kenya kuna miamba?" Nikamwonyesha picha yangu nikiwa juu ya Fischer's Tower, mnara wa mwamba wa Hell's Gate, na punda milia wanakula nyasi chini. Akacheka. Halafu, bila kuomba radhi, akalishika fundo langu lenye umbo la nane, lile linalonifunga kwenye kamba, akalivuta uzi mmoja mmoja, akaniambia nimshikie rafiki yake kwenye njia rahisi huku yeye mwenyewe ameishika ncha ya kamba nyuma yangu, kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Miaka sita napanda! Moto ulinipanda hadi masikioni. Ilinichukua mpaka mchana kukiri kwamba alikuwa ananifanyia kile nilichotoka kuwafanyia wao nimejificha kwenye jiwe, ila yeye alikifanya waziwazi.

Na alikuwa na haki ya kunitilia shaka, kwa maana siku hiyohiyo nilimtia mzee wa watu hofu. Alikuwa anaongoza njia ya 6a, akafika mahali pagumu, akapiga kelele: "Sec!" Mimi nikasikia "slack", neno la Kiingereza la kuomba kamba ilegezwe. Nikamlegezea. Kumbe kwa Kifaransa anataka ikazwe. Akateleza mita tatu, akasimama akining'inia, akageuza shingo polepole kunitazama. Hakusema kitu. Aliposhuka nilimwomba msamaha mpaka akachoka.

Tukakubaliana maneno mapya tukila tikiti maji. Kiingereza cha nusu nusu kilikuwa kimetushinda, kwa hiyo nikawapa ninayotumia nyumbani: kaza na legeza. Hayafanani hata ukiyasikia kwenye upepo. Mzee alikuwa akitamka "kazá", anaukanyaga mwisho wa neno, lakini kamba ilikazwa.

Siku ya mvua tulishuka Pothia kwenye jumba la makumbusho. Kabla ya wapandaji, kisiwa hiki kiliishi kwa sponji za baharini. Wazamiaji wa zamani walijitosa na jiwe bapa mikononi ili lizame nao haraka, jiwe limefungwa kamba, na mwenzao kwenye mashua ameishika kamba hiyo akisubiri kumvuta juu. Baadaye, karne ya 19, yakaja mavazi yenye kofia ya shaba na hewa ya bomba. Watu wakazama kwa muda mrefu zaidi, na wengi wakafa au kupooza. Mzee Mfaransa alisimama sana mbele ya lile jiwe. Mimi nilikuwa namfikiria mtu wa kwenye mashua. Nilitaka kujua walimpataje.

Kwa siku tano zilizobaki nilipanda nao kila asubuhi. Siku moja tulivuka kwa mashua kutoka Myrties hadi Telendos, nikashindwa njia ya 6b, ngumu kidogo kuliko 6a, mara tatu, nikaiacha. Hakuna jipya la kusimulia hapo, ila pweza wa mchana alikuwa mtamu.

Juzi yule dada wa Slovenia ameniandikia. Anakuja Nairobi Februari, anataka Lukenya na Hell's Gate, anauliza kama alete kofia ngumu ya kupandia. Alete. Anakuja na kaka yake, ambaye anasema ni mpandaji hodari. Kaka simjui. Nimemjibu kwamba karibuni sana, chumba kipo, na siku ya kwanza kaka atamshikia dada yake kamba, mimi nitakaa kwenye jiwe.