Zimwi la Ujerumani lina koko Goma

Nimeletewa bili ya kuwa zimwi. Euro 65, ilipwe kabla ya tarehe 15, la sivyo nafasi yangu inapewa zimwi lingine. Niliisoma ndani ya tramu asubuhi, natoka zamu ya usiku, nikacheka peke yangu mpaka mama aliyekaa pembeni akahama kiti. Wa Goma mnajua euro 65 ni nini. Ni chumba Ndosho mwezi mzima na mkaa juu yake, na chenji inabaki. Mimi nitailipa ili nikalale kwenye hema, nipigwe na mvua ya Kijerumani, niuawe mara sita kabla ya saa sita mchana.

Ilianza mwaka jana, mbele ya mashine ya kahawa kazini. Mwenzangu mmoja alikuwa ananialika kwenye mchezo wao wa kiangazi, na nafasi zilizobaki zilikuwa za ork. Ork ni zimwi lao: meno ya chini yametokeza, ngozi ya kijani au nyeusi, halina shule, halina kwao. Akaniambia, "Wewe hutahitaji rangi nyingi." Akatabasamu kama mtu aliyetoa zawadi. Mimi Kijerumani changu cha hasira bado hakijakomaa, kwa hiyo nilimjibu kwa kunyamaza. Siku tatu.

Huo mchezo wanauita larp. Watu wazima kabisa, mhandisi, muuguzi, mwalimu wa hesabu, wanavaa ngozi na chuma, wanahamia malishoni siku nne au tano, na kila mmoja anakuwa mtu mwingine. Hakuna jukwaa wala watazamaji. Ukiwa mfalme, unakula kama mfalme, unagombana kama mfalme, hata chooni unakwenda na walinzi. Panga ni la sponji, ndani lina fimbo ya nyuzi za kioo, juu limepakwa mpira wa lateksi. Kichwani hupigi. Mtu akiumia kweli mnapiga kelele "Stopp!" na vita vyote vinasimama, ufalme unatafuta miwani ya mtu kwenye nyasi. Kila kiangazi kuna mikusanyiko mikubwa ya maelfu ya watu, mmoja Brokeloh kule Niedersachsen, mwingine Diemelstadt kule Hessen, na huko Diemelstadt maork wana kambi yao wenyewe. Wetu ni mdogo, watu kama mia kwenye shamba la mkulima mmoja anayetukodisha malisho ya ng'ombe wake. Mashujaa wanalipa zaidi. Mazimwi tunalipa nusu, kwa sababu sisi kazi yetu ni kufa. Ukishakufa unakwenda nyuma ya ua, unakunywa maji, unarudi ukiwa zimwi jipya.

Nilimpigia koko simu (ndiyo bibi, kwa Kiswahili cha wengine) kumweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha: "Batu banalipa franga juu ya kulala mu hema?"

"Ndiyo, koko."

"Na mvua?"

"Na mvua pia."

Akanyamaza mpaka nikadhani mega zimeisha. Mtu aliyeziona Bulengo na Kanyaruchinya, zile kambi za waliokimbia vita, ukimwambia hema ni starehe, utamweleza nini? Nami nilijua anachokiwaza, maana nilikiwaza pia. Mei 2021, ile Jumamosi ya tarehe 22 jioni, tulipotazama kaskazini na kuona anga nyekundu, hakuna aliyekata tiketi. Siku chache baadaye amri ya kuhama ilipotoka, tulitembea kwa miguu hadi Sake na godoro kichwani. Hatukuwa na mtu wa kupigia kelele "Stopp".

Basi ningeachana nao. Kilichonirudisha ni kijitabu. Kila kabila kwenye mchezo lina kijitabu cha asili yake, na cha maork kilikuwa na kurasa kumi na mbili. Nikakisoma: maork walizaliwa ndani ya volkano. Wanakula majivu. Hawaziki maiti zao. Hawana neno la "asante". Wanapiga ngoma kabla ya kuua, na hawajui baba zao ni akina nani. Volkano! Aliyeandika hakuwahi hata kunusa salfa. Mimi nimezaliwa chini ya Nyiragongo, mita 3,470 juu ya bahari, usiku unaona kilele kinawaka kama sigara ya mzee aliyekaa gizani. Kwetu Birere nyumba ya zamani ililiwa na lava ya tarehe 17 Januari 2002. Tukajenga nyingine juu yake, kwa mawe ya lava hiyo hiyo. Mdogo wangu anacheza juu ya paa la chumba nilichozaliwa. Halafu mtu wa Hannover ananieleza watu wa volkano hawana asili.

Siku ya tatu ya kununa kwangu, mama mmoja wa kikundi chao alinifuata. Ni mstaafu, alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, sasa anatengeneza maski za maork jikoni kwake kwa vidole vile vile vilivyokuwa vikishika nyuzi za kushonea watu. Hakuniomba radhi kwa niaba ya mtu. Alisema: "Yule ni mjinga, lakini kijitabu ni kibaya zaidi, nimesema miaka mingi. Andika kingine." Akanipa daftari na kalamu mbili, moja ya akiba.

Mnaoishi huku mtanielewa. Hii ni nchi ambayo hata kusogeza pipa la taka kunataka barua. Mwezi wa kwanza tu nimekaa nimeletewa ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kila mwezi, na redio sina. Watu wanakusaidia sana, sitawasingizia, lakini wanakusaidia kuingia kwenye utaratibu wao. Kupewa kitu chao ukibadilishe, hapana. Ile ndiyo mara ya kwanza.

Na wewe unayejiandaa kuja kwa mafunzo ya kazi, nisikilize hapa kabla sijasahau. B1 yako ya darasani, ile ngazi ya tatu ya Kijerumani, itakufikisha dukani, haitakufikisha mezani kwa mtu. Mjerumani atafanya kazi nawe miaka mitatu bila kukujua una ndugu wangapi. Urafiki wake ameufungia kwenye chama chake: cha mpira, cha kwaya, cha wazima moto wa kijiji, cha mazimwi. Tafuta chama. Kile ulichonacho cha Wakongo ni kizuri siku ya msiba na siku ya harusi, ila hakitakufundisha Kijerumani. Na usinunue maski ya kwanza mtandaoni, utapoteza euro 140 kama mimi, pua haikutosha.

Nikakaa na daftari. Kwa Kiswahili ork nitamwita nani? Zimwi, bila shaka. Nilipoliandika juu ya ukurasa ndipo nikaona kitu ambacho nimekisema maisha yangu yote bila kukisikia. Zimwi na mzimu ni neno moja. Shina ni lile lile, moja limekwenda kwa wazee waliokufa tunaowaheshimu, lingine limekwenda kwa lile jitu la hadithi linalokula watoto. Kijerumani kina ork upande mmoja na marehemu upande mwingine, hawajawahi hata kusalimiana. Sisi kwetu zimwi ni jamaa wa marehemu. Lazima lina koko mahali fulani.

Nikampigia tena wa kwangu, nimwulize wazee walisema nini juu ya mlima.

"Mutoto wangu, hiyo ni mambo ya mashetani. Miye ni mutu wa kanisa."

Sawa, koko. Nikaanza kuuliza habari za bei ya sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Dakika kumi baadaye akarudi mwenyewe, kwa sauti ya chini, kama kuna mchungaji nje ya mlango. Kwamba wazee wa pande za Virunga, huku na ng'ambo ya Rwanda, walisema waliotawazwa katika mambo ya Ryangombe, mzimu mkuu wa imani ya kale, wakifa wanakwenda kupumzika kwenye mlima Karisimbi, kule juu kwenye baridi na ukungu. Wasiotawazwa wanakwenda Nyiragongo, motoni. Kwamba mwaka 1977, Januari, moto ulitoka ubavuni mwa mlima na kukimbia kuliko mtu, na waliosalia walisema wale wa chini wamechoka kungoja. "Mulima unalalaka, unaamukaka, sawa mutu tu," akasema. Kisha: "Andika. Lakini jina yangu usiweke mu hiyo kitabu."

Sijaliweka, koko. Lakini asili ya mazimwi yangu imetoka hapo, na iliyobaki ni uongo wangu mwenyewe ambao naujivunia.

Nimewaita Bazuku, kutokana na mazuku, ule upepo mbaya wetu. (Wao wanatamka Batsuku. Nimeacha.) Hapo kale moto ulikuwa mama, na mama alizaa mapacha. Wa kwanza alipanda na moshi, akakaa juu kwenye baridi, ndiye anayetajwa na kumwagiwa pombe. Wa pili alibaki chini kuulinda moto usizimike. Wa juu walitajwa kila siku. Wa chini walisahauliwa, na mdomo usioitwa na mtu huota meno. Bazuku ni watoto wa yule pacha wa chini.

Sheria zao tatu nilizitoa mtaani kwetu. Bazuku hujenga juu ya nyumba iliyoungua, mahali papya hawapataki. Mzuku hachimbi wala hashuki bondeni kabla ya kutanguliza moto. Na Mzuku hapigi magoti, hata mbele ya mfalme, hata akiwa na panga shingoni. Watu wa Goma hawahitaji maelezo. Mazuku ni gesi ya ukaa inayotoka ardhini, ni nzito kuliko hewa, inajaa mashimoni usiku ambao hakuna upepo. Mtu aliyesimama anapita salama, mbuzi wake anaanguka. Mtoto anainama kuokota mpira, hainuki. Ukiteremsha mshumaa unazimika, basi rudi. Koko wangu hajawahi kuruhusu mtu alale chini kabisa kwenye lile shamba la Himbi. Kwa Bazuku hiyo imekuwa dini: pumzi ya mama imelala ardhini, anayeinama anamkanyaga.

Mwenye kambi alipenda yote isipokuwa moto. Nyasi zilikuwa kavu, mkulima hataki hata njiti. Kwa hiyo kuhani wetu wa mazuku alibeba taa ya betri. Taa ya betri haizimwi na gesi yoyote duniani. Alikuwa anaishusha kwenye shimo kwa kamba, tunashika pumzi, halafu anabonyeza swichi kwa siri ya waya alioufunga kidoleni. Mara ya pili waya ulikwama, taa ikakataa kuzimika, na kwa mujibu wa dini yetu shimo lilikuwa salama. Tukalazimika kushuka. Lilikuwa na maji ya mvua.

Jumamosi tulishindwa vita, kama ilivyopangwa. Kapteni wa mashujaa, jitu la mita mbili, aliniwekea panga lake la sponji shingoni akanguruma nipige magoti. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Siwezi. Mama amelala hapo." Akatazama nyasi. Nilimwona kabisa anatafuta kwenye kichwa chake afanye nini, maana zimwi la miaka yote lilikuwa linanguruma na kufa. Akauliza, "Mama yako ni nani?" Nikamweleza. Vita vilikuwa vinaendelea pembeni, mtu anapiga kelele za kufa, na sisi wawili tumesimama tunazungumza habari za pumzi.

Kuna sheria ya nne niliyoiweka mwishoni kwa wasiwasi, nikidhani wataicheka: anayemuua Mzuku lazima kwanza amuulize jina la maiti mmoja wa kwao, na aondoke nalo. Kapteni akauliza. Nilikuwa na jina la kubuni, nimelikariri wiki nzima. Likanitoka jina la babu.

Usiku ule kambi ya mashujaa waliwasha taa zao wakasoma majina ya waliokufa siku hiyo, ndiyo desturi yao. Nilikuwa nyuma ya ua, maski mkononi, jasho la lateksi linanuka kama tairi. Katikati ya akina Wolfhart na Gerion nikasikia jina la babu, limetamkwa vibaya, herufi moja imeruka. Watu mia wakalirudia pamoja kwa kosa lile lile.

Koko sijamwambia hilo. Nilimwambia tulikula soseji na mvua ilinyesha.

Yule wa mashine ya kahawa hajaomba radhi mpaka leo. Jumatatu yake aliniletea kipande cha keki ya tufaha kwenye karatasi, akakiweka mezani akaondoka haraka. Nimejifunza kuwa huku keki ni lugha. Nilikila chote, ingawa ilikuwa kavu.

Sasa hii bili. Kurasa zangu ishirini na mbili zimechapwa, zinagawiwa, kikundi cha mji mwingine kimeomba kuzitumia, na mimi mwandishi nadaiwa euro 65 sawa na zimwi lililojiunga jana. Nimewaandikia kuuliza. Wamejibu kwa adabu kwamba utaratibu ni mmoja kwa wote, halafu chini, kama jambo dogo, wakauliza kama ningeweza kuwatengenezea na asili ya wale viumbe wa msituni wenye masikio marefu, kwa sababu ya sasa inachosha.

Nimewatajia bei. Wanaijadili kwenye kikao.